Kliniki iliyokataa kunikata mpaka kilo zitulie

Wateja wangu na majirani wananiuliza kila siku nilifanyiwa wapi upasuaji wa tumbo, ule wa kutoa ngozi iliyolegea na kukaza misuli, na kama naweza kumpeleka ndugu yangu hapo. Naweza. Lakini sababu yangu si ile wanayoitarajia. Mshono ni mzuri, kitovu kimekaa mahali pake, na dera sasa lateremka bila kushika popote. Hayo daktari yeyote aliyefuzu upasuaji huu aweza kukufanyia. Ninachowasifia watu wa kliniki hii ya Nyali, Mombasa, ni ule mwaka na miezi tisa ya kabla, waliponiona nimeshika pesa mkononi wakaniambia bado.

Mimi ni fundi cherehani Mji wa Kale, upande wa Kibokoni. Nina watoto wanne, wawili wa mwisho walitolewa kwa upasuaji, na kitindamimba alizaliwa 2019. Kila uzazi nilikaa arubaini yangu sawasawa. Mavyaa alinifunga mkaja kwa mikono yake, akinikaza mpaka nashindwa kucheka, nikanywa uji wa pilipili manga, nikakandwa. Kwa watoto wawili wa kwanza tumbo lilirudi. Kwa wa tatu na wa nne halikurudi. Lilining'inia juu ya kovu, na chini ya mkunjo, joto la Machi likifika, pakawa panalowa jasho na kuchubuka. Kila asubuhi napapaka poda kama mtoto mchanga. Wateja walikuwa wakiniuliza kwa nia njema kabisa, "Mashallah, huyu wa tano lini?" Nikijipima kwa futi yangu mwenyewe, kiuno kilikuwa inchi 41.

Kwanza nilikwenda mahali pengine, hapa hapa kisiwani. Sitapataja jina. Nilikaa dakika kumi. Hakuna aliyenipandisha kwenye mzani, hakuna aliyenishika tumbo, hakuna aliyeniuliza kama nina presha au sukari au kama bado nataka kuzaa. Nilionyeshwa picha kwenye simu, nikatajiwa bei, nikaambiwa nitume kianzio cha shilingi 50,000 siku ile ile ili nisipoteze nafasi ya Jumamosi. Simu tayari ilikuwa mkononi. Kilichonizuia ni kwamba niliomba jina kamili la daktari nikaambiwa nitakutana naye siku yenyewe. Nikaaga.

Hapa nisimame kidogo, maana naona dada zangu wengi hawajui. Baraza la madaktari la Kenya, KMPDC, lina orodha ya madaktari walio na leseni, na iko wazi kwenye intaneti. Waandika jina, waona kama leseni yake ni ya mwaka huu na kama amesomea kazi hiyo. Mtu asiyetaka kukupa jina lake la kuandika hapo, usimpe tumbo lako.

Huku Nyali niliingia Januari 2023. Kumuona daktari nililipa 4,000, na nikangoja karibu saa mbili, jambo ambalo walilirudia kila nilipokwenda na ambalo mpaka leo linaniudhi. Lakini mlango wa kwanza nilioingizwa ulikuwa wa muuguzi, na jambo la kwanza aliloniambia ni, "Mamangu, vua viatu na buibui, upande hapa." Kilo 84. Akanisimamisha ukutani kunipima urefu: mita moja na sentimita 58. Akapiga hesabu, uzito kugawanya kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, akaandika 33.6, kipimo cha unene kulingana na urefu.

Kisha daktari. Alinilaza chali, akaniambia niinue kichwa tu, nisiinue mabega. Katikati ya tumbo pakainuka tuta, kutoka chini ya kifua mpaka kitovuni, kama mgongo wa ngalawa iliyopinduliwa mchangani. Nilikuwa nimeliona tuta lile kila nikiamka kitandani kwa miaka mitatu na sikujua ni nini. Akazamisha vidole vyake hapo katikati: vitatu viliingia. Ile ni misuli miwili mirefu ya tumbo iliyoachana wakati wa mimba na haikukutana tena. Mkaja haukuwa na kosa, wala mavyaa. Pengo la vidole vitatu baada ya miaka kama hiyo, mazoezi huimarisha misuli yenyewe lakini pengo mara nyingi hubaki.

Akashika mkunjo wa ngozi kwa vidole, akaubana. "Hiki ninachoweza kukishika," akasema, "ni ngozi na mafuta ya juu. Nitakitoa. Pengo la misuli nitalishona. Lakini kuna mafuta mengine yako ndani, nyuma ya misuli, yamezunguka utumbo. Hayo siyashiki kwa vidole wala siyafikii kwa kisu. Hayo wayaondoa wewe."

Nikamwuliza itakuwaje akinishona yakiwa bado yamo. Akasema ni gunia lililojazwa kupita kiasi: uzi waweza kufika, lakini kila kilichomo kitabanwa. Mapafu yatakosa nafasi ya kutanuka, damu itazubaa miguuni, na mshono wa misuli utavutwa usiku na mchana mpaka ulegee. Damu ikiganda kwenye mishipa ya mguu, bonge laweza kupanda hadi mapafuni, na hilo huua. Alilisema hivyo hivyo, bila kulizungusha, na nilimshukuru.

Sharti lake lilikuwa namba ile ya 33.6 ishuke chini ya 30, ambayo kwa urefu wangu ni chini ya kilo 75. Na nikishafika, nikae hapo miezi sita.

Nilibishana. Nilimwambia anikate kwanza, nikishajiona nina umbo nitapata moyo wa kupungua. Nadhani kila mwanamke humwambia hivyo, kwa sababu jibu lilikuwa mdomoni. Upasuaji huu si dawa ya unene. Nikipungua kilo kumi baada ya kukatwa, ngozi aliyoivuta italegea na nitakuwa na kovu la nyonga hadi nyonga na tumbo linaloning'inia vile vile. Nikinenepa, atakachokikaza kitatanuka. Na mwili ulio mbioni kupungua huwa na njaa. Hauna akiba ya kujenga nyama mpya, na kidonda kirefu kama hicho huchelewa kufunga au hufumuka.

Nilitoka nimenuna. Kwenye tuktuk, juu ya daraja la Nyali, nikakumbuka kanzu moja niliyoishona nikiwa bado mwanafunzi wa cherehani. Kitambaa kilikuwa pamba tupu, kizuri, mteja ana haraka ya Idi, nami nikakikata bila kukiloweka. Kufuliwa mara moja tu, kikarudi, yaani kikajivuta kikawa kifupi. Yule mzee aliniletea kanzu yake mikono imeishia juu ya vifundo, hakusema neno, akaiweka mezani. Tangu siku ile pamba hailali dukani kwangu bila kulowekwa kwanza, irudi inavyotaka kurudi, ndipo niikate. Nikaacha kununa.

Kupungua kwenyewe sina mengi ya kusimulia. Kila alfajiri nilitembea kutoka Mji wa Kale, nikapita Fort Jesus mpaka barabara ya Mama Ngina, chini ya mibuyu, na kurudi. Nilipunguza sukari ya chai, nikaacha viazi karai vya saa kumi, na mahamri manne yakawa moja, mbaazi zikabaki nyingi. Mtaalamu wao wa lishe alinipa karatasi mara ya kwanza ambayo niliirudisha: ilikuwa imejaa shayiri ya pakiti na mboga za supamaketi ambazo sijui hata zapikwaje. Nikamwambia mimi natembea kwenda soko la Marikiti, niandikie vya Marikiti. Lazima niseme alikubali vizuri. Akaandika kunde, mchicha, changu wa kuchoma, mayai, choroko, ndizi mbichi, na wali wa nazi kikombe kimoja cha chai, si sahani. Wali wa nazi hakunikataza, na ndiyo maana niliweza.

Agosti 2023 mzani ulisoma 74.6. Nilikwenda Nyali nikiwa na furaha ya harusi. Daktari akafungua daftari langu, akafuata kwa kalamu namba za kila wiki, akaona bado nashuka kilo moja na zaidi kila mwezi. "Bado wasafiri," akaniambia. "Nitaanza kuhesabu ukitia nanga." Hilo sikuwa nimelielewa mwanzoni, na nadhani wengi hawalielewi: miezi sita haianzi siku unapofikia namba. Yaanza siku uzito unapoacha kwenda, juu au chini.

Nizungumze kuhusu daftari, kwa sababu hapa ndipo muuguzi wao alipofanya kazi niliyoiona ina thamani kuliko yote. Nilinunua mzani wangu duka la vyombo kwa 1,800. Akaniambia niulete kliniki siku moja. Tukaupima na wao, wangu ukawa unazidisha gramu 600, akaandika kwenye jalada la daftari nisisahau kutoa. Kisha akanipa sharti: Ijumaa tu, asubuhi, baada ya choo na kabla ya chai, nimejifunga leso moja ile ile, mzani juu ya sakafu tupu na si juu ya mkeka wala zulia, maana ukiwa juu ya kitu laini husoma uongo. Nisijipime kila siku. Chumvi ya achari peke yake, au siku za mwezi, zaweza kukuongezea kilo nzima ya maji na kukuvunja moyo bure. Namba zangu nilizipa ukurasa katika daftari lile lile ninaloandikia vipimo vya wateja.

Kilo zikashuka mpaka Desemba, zikasimama 70.8. Januari 71. Februari 70.5. Nikaona nimeshafika.

Ndipo ikaja Ramadhani, Machi 12, 2024. Mtu asiyefunga atadhani mwezi mzima bila kula mchana unapunguza mwili. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo. Lakini nani Mombasa afuturu kwa tende na maji akalala? Kaimati, tambi za sukari, viazi vya nazi, bhajia, sambusa alizoleta jirani, na sahani ya jirani hairudi tupu, kwa hiyo na mimi napika za kwake. Matembezi ya alfajiri yakafa kwa sababu baada ya daku nalala. Na Ramadhani ndiyo msimu wetu mafundi: nguo za Idi, nimekaa kwenye kiti mpaka saa nane za usiku na chai ya maziwa pembeni. Ijumaa ya kwanza baada ya Idi mzani ulisoma 73.4.

Nililia. Kupungua kilo 13 sikulia hata siku moja, lakini zile karibu tatu za kurudi ziliniliza, kwa sababu nilijua hesabu yaanza upya. Na ilianza upya. Daktari alisema kilo moja au mbili za kupanda na kushuka kwa mwaka ni kawaida ya binadamu, hazimsumbui. Lakini kurudi kwa mwezi mmoja tu kunaonyesha mwili haujapata makao. Hakunigombeza. Muuguzi ndiye aliyenipigia simu wiki iliyofuata, akaniuliza nakula nini saa kumi jioni, nimeanza kutembea tena au la. Aliendelea kunipigia kila baada ya wiki mbili, na hapo sikulipishwa shilingi.

Kutulia ni kazi nyingine kabisa na kupungua. Unapopungua kila mtu akuona na kukusifu, na mzani wakulipa kila wiki. Unapotulia hakuna anayekusifu. Ijumaa yaja, namba ni ile ile, na huo ndio ushindi wenyewe, nawe wauadhimisha peke yako juu ya sakafu ya bafu. Kuanzia wiki ya mwisho ya Aprili mpaka Oktoba niliandika namba ishirini na sita, na zote ziko kati ya 70.4 na 71.6. Katikati pana harusi tatu za familia na biriani zake. Nilikula biriani. Kesho yake nikatembea.

Wakati huo rafiki yangu mmoja alikuwa akitumia sindano za kupunguza unene, na alinishawishi nizifuate nimalize haraka. Niliuliza kwanza. Daktari hakuzitukana, alisema kuna wagonjwa zinawafaa wakisimamiwa. Lakini alitaka kuambiwa bila kufichwa, kwa sababu huchelewesha chakula tumboni, na mtu akipewa nusu kaputi tumbo likiwa na chakula anaweza kutapika kikaingia mapafuni. Tena ukiacha sindano uzito mara nyingi hurudi, kwa hiyo kutulia ukiwa juu yake ni jambo moja na kutulia bila yake ni jingine. Ukienda huko, sema unachotumia chote. Mimi nilikuwa kwenye vidonge vya mpango wa uzazi vya kila siku, na vya aina yangu huongeza hatari ya damu kuganda. Vilisimamishwa mapema nikapewa njia nyingine. Waliniuliza pia sigara, shisha na ugoro, mara tatu, kwa sababu tumbaku hunyima ngozi damu na kidonda hufa kingo.

Vipimo vya damu vilitoka na jambo ambalo singelijua. Wingi wa damu yangu ulikuwa 10.2, yaani damu ilikuwa pungufu. Nilikuwa nimepungua vizuri kwa mzani lakini nikila nyama kidogo mno. Nikawekwa kwenye vidonge vya madini ya chuma nikiwa bado nahesabu miezi, na nilipoingia chumba cha upasuaji damu ilikuwa 12.1. Kule kwingine ningelala mezani Jumamosi ile na damu yoyote niliyokuwa nayo.

Upasuaji wenyewe, wiki ya mwisho ya Oktoba 2024, nausema kwa ufupi maana sikuuona. Ulichukua saa tatu. Niliamka nimekunjwa kama kamba wa pwani, mirija miwili ikitoa maji ubavuni, soksi za kubana miguuni, na jioni ile ile wakanisimamisha nitembee hatua kumi, nimeinama. Kilichotolewa kilikuwa na uzito wa kilo moja na gramu 600. Nilitaka kujua, na nawaambia na nyinyi mjue: tumbo zima lile lililonisumbua miaka mitano, mzani uliliona kama kilo moja na nusu tu na kidogo juu. Zile nyingine zote nilizitoa mimi.

Nyumbani, vazi la kubana linavaliwa wiki sita, na siku za kwanza huwezi kulifunga mwenyewe. Mavyaa, ambaye hakufurahia jambo hili tangu mwanzo na alinena sana juu ya pesa, alikuja siku ya tatu. Akalitazama pamoja na vishikizo vyake, akanigeuza, akaanza kufunga kutoka chini kwenda juu. "Huu si mkaja?" akaniuliza. Nikamwambia ndio huo huo. Akakaza taratibu, akiniuliza kila kishikizo kama paniuma, na baada ya hapo alikuja kila asubuhi mpaka wiki ya pili ikaisha.

Sasa lawama zangu, kwa sababu nawapa nyota nne na si tano. Bei. Niliambiwa laki nne na nusu, na hakuna aliyeniandikia kilichomo na kisichokuwemo. Vipimo vya damu vikawa mbali, vazi la kubana mbali, soksi mbali, usiku wa pili wa kulala mbali. Jumla ikafika karibu laki tano na elfu ishirini. Bima yangu haikugusa hata senti, maana kwao huu ni urembo, hata kama ngozi ilikuwa inachubuka. Omba karatasi yenye kila kitu kabla ya kulipa kianzio, na usione haya. Simu ya mapokezi Jumamosi haishikwi. Mrija wangu mmoja uliziba Jumamosi, na kama sikuwa na namba ya yule muuguzi sijui ningefanyaje. Na ile saa mbili ya kungoja, nimeshaisema.

Naandika haya karibu mwaka baada ya upasuaji. Ramadhani ya 2025 imepita, Idi imepita, na Ijumaa iliyopita nilikuwa 69.7. Kiuno ni inchi 31. Kovu bado jekundu kidogo, liko chini, linafichwa na nguo ya ndani. Chini ya kitovu ngozi ingali imekufa ganzi kidogo, waliniambia itachukua muda.

Ukienda, mwambie tuktuk akushushe upande wa pili wa daraja. Njoo dukani nitakuelekeza mlango. Uanze na mzani na daftari sasa hivi, hata kabla ya kuweka miadi. Daktari ataomba aone namba zako za Ijumaa kabla hajakuomba ulale, na akikuta tayari una miezi mitatu ya namba zilizotulia pale anapotaka, zilizoandikwa kwa mkono wako, hiyo ni miezi mitatu umeshaihesabu.